Uliza Kwanza Inaishia Wapi: Namna ya Kununua Bima ya Afya ya Bei Ndogo

Kwa miaka tisa nilikaa dirisha la malipo la hospitali moja hapa Moshi, kabla sijaacha kazi na kuhamia soko la Memorial kuuza mashuka na mapazia ya mtumba. Kadi za bima za kila rangi zimepita chini ya kioo kile mbele ya macho yangu. Unaweza kuona watu wawili kwenye foleni moja, wote wana kadi, wote za bei ndogo. Mmoja baada ya nusu saa anaondoka na dawa zake kwenye mfuko wa kaki. Mwenzake anarudi kwenye benchi, anatoa simu, anaanza kutafuta ndugu wa kumchangia. Yule wa kwanza alijua kadi yake inafanya kazi wapi na inaishia wapi. Wa pili alijua tu kwamba ana bima.

Sasa hivi mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, watu 22, wengi wetu wa sokoni. Kila Jumapili tukishahesabu hisa, maneno yanarudi palepale: je, hizi bima za bei ndogo zinazotibu kidogo ziruhusiwe kuuzwa, au zinawadanganya watu?

Mwenzetu mmoja anayeuza viatu huwa anaongea kwa uchungu. "Dada katibu, mimi laki tatu sina, elfu thelathini ninayo. Ukiniambia niiache ya elfu thelathini mpaka nitakapopata ya laki tatu, umeniambia nikae hivihivi." Na ana haki ya kusema hivyo. Mtoto wake wa pili aliwahi kushikwa na nimonia wakati wa baridi ya Juni, akaanzia kituo cha afya cha Pasua, akapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Mawenzi, akalazwa siku nne, na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ikabeba. Yeye alitoa nauli na uji.

Mzee wetu mmoja, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi mlimani maisha yake yote, humjibu taratibu. Anasema ubaya wa kadi ndogo ni kwamba mtu akishaishika anaacha kuweka akiba. "Siku ikigoma, hana kadi na hana akiba. Bora yule asiyekuwa na kadi kabisa, maana alikuwa anajiandaa." Na hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye dirisha, si mara moja.

Mabishano haya si ya kikundi chetu peke yake. Mwaka 2011 huku Kilimanjaro chama cha ushirika cha KNCU, kwa msaada wa shirika la PharmAccess la Uholanzi, kilianzisha mpango wa bima kwa wakulima wa kahawa, na ulikuwa wa namna hiyohiyo: mchango mdogo, matibabu ya ngazi ya chini. Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mwaka 2019 NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikaleta vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, vilivyoanzia shilingi 192,000 kwa kijana mmoja na kupanda kadiri umri unavyopanda. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofika bungeni mwaka 2022, kiasi kilichosemwa sana mitaani ni 340,000 kwa kaya ya watu sita, na sheria yenyewe ikapita Novemba 2023. Tazama umbali kati ya 30,000 na 340,000. Hapo katikati ndipo wanaposimama watu wa soko letu, na hapo ndipo mawakala wanapotufuata.

Msimamo wangu nausema wazi. Ziruhusiwe. Anayeuza nyanya kwa mafungu Mbuyuni hawezi kusubiri mpaka kila kitu kikamilike. Ila anayeuza bima ya namna hiyo alazimishwe kuandika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili na kwa shilingi, mahali inapoishia. Mpaka siku hiyo ifike, kazi ya kuutafuta mwisho wa kadi ni yako mnunuzi. Nakueleza tunavyoifanya sisi.

Anza na daftari, usianze na wakala

Chukua daftari uandike kila safari ya hospitali ya watu wa nyumbani kwako kwa miaka miwili iliyopita. Nani aliumwa, alitibiwa wapi, mlilipa kiasi gani, na fedha zilipatikana wapi. Usiandike kwa kukisia. Tafuta risiti, uliza wenzako, fungua ujumbe wa miamala kwenye simu.

Kikundi chetu tulipofanya hivi kwa mara ya kwanza, wengi tulishangaa. Kurasa zilijaa vitu vidogovidogo: homa ya mtoto, UTI, vidonda vya tumbo, jino, dawa za presha za kila mwezi. Mambo makubwa yalikuwa machache, ila kila moja lilikuwa limeacha deni. Mama mmoja alikuwa bado anamlipa shangazi yake fedha za upasuaji wa miaka mitatu nyuma.

Daftari litakuonyesha bima ndogo inaweza kukubebea sehemu gani. Kama matatizo ya nyumba yako ni ya watoto na ya zahanati, kadi ya bei ndogo inarudisha fedha yake mapema. Kama una mgonjwa wa figo au wa kansa, kadi ya aina hiyo haitamfikisha, na ni bora ulijue leo kabla hujalipa.

Weka alama pia kwa wale ambao serikali imeshawasamehe ada kwenye vituo vyake: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Dawa za kifua kikuu na ARV nazo hazilipiwi. Haina maana kununua bima kwa ajili ya kitu ambacho tayari ni haki yako. Najua dawa huwa zinaisha na unaandikiwa ukanunue nje. Hilo nalo liandike, maana ndilo swali la kumuuliza wakala: dawa ikikosekana hospitalini, kadi yako inanipeleka duka gani la dawa?

Sehemu nne ambazo kadi huishia

Kila bima ya bei ndogo niliyowahi kuishika inaishia kwenye moja ya sehemu hizi nne, na nyingi huishia kwenye zote: ngazi ya hospitali, shilingi, watu, na siku.

Ngazi ndiyo inayowaumiza watu wa Moshi kuliko wa kwingine, kwa sababu hospitali zetu ziko karibu karibu mno. Kutoka Mawenzi mpaka KCMC ni bodaboda ya dakika chache tu, barabara ya lami. Kwa mgonjwa ni mji mmoja. Kwa bima ni ngazi mbili tofauti: Mawenzi ni rufaa ya mkoa, KCMC ni rufaa ya kanda. CHF iliyoboreshwa ilipangwa ianzie zahanati, ipande kituo cha afya, hospitali ya wilaya, iishie rufaa ya mkoa. Kwa hiyo mtu alitibiwa vizuri kabisa, daktari akaona tatizo limezidi uwezo, akamwandikia rufaa ya kanda, na kwenye ile safari fupi ya bodaboda akawa ameshatoka nje ya bima yake. Arusha ni hivyohivyo: ukianzia kituo cha afya cha Kaloleni au Levolosi unapanda mpaka hospitali ya mkoa ya Mount Meru, ila usidhani kila jengo lenye neno hospitali mjini ni lako.

Swali lake ni hili, na uliulize kwa kutaja majina: "Nikianzia zahanati ya mtaani kwetu, nikapewa rufaa, nikapewa rufaa tena, kadi hii inanisindikiza mpaka hospitali gani?" Wakala akijibu "hospitali zote kubwa", mpe kalamu aandike majina matatu na asaini. Nimeona wengi wakiitazama ile kalamu, halafu wanaanza kueleza upya.

Na usiruke ngazi. Watu wengi niliowarudisha dirishani walikuwa na kadi nzuri tu, ila walikuja moja kwa moja bila karatasi ya rufaa. Ukitaka kadi ndogo ikufanyie kazi, pita mlango wake, hata kama foleni ya kituo cha afya inakera.

Shilingi. Bima za kampuni binafsi mara nyingi zina ukomo, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa kwa mwaka. Kuna ukomo wa wagonjwa wa nje, ukomo wa kulazwa, ukomo wa uzazi, wa meno, wa miwani. Wakala atakutajia ule mkubwa wa kulazwa. Wewe uliza wa wagonjwa wa nje, maana huo ndio mtakaoula kila mwezi. Halafu uliza swali moja zaidi ambalo wengi hulisahau: ukomo huo ni wa kila mtu au wa familia nzima? Milioni moja kwa kila mtu na milioni moja ya kugawana watu sita ni vitu viwili tofauti kabisa. Uliza pia kama kuna kiasi unachochangia kila unapoingia hospitali. Hicho kwa watu wa chini ndicho kinachofanya kadi ikae kabatini.

Watu. Hesabu vichwa. Kadi nyingi zinasema mchangiaji, mwenza na wategemezi kadhaa. Kwetu Uchagani mtoto wa marehemu dada yako ni mtoto wako, na bibi wa Uru ni wako. Kwenye fomu si hivyo. Hakikisha kila unayemtarajia ameandikwa kwa jina, na cheti cha kuzaliwa au namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) imeingia.

Siku ndizo zilizoniumiza mimi mwenyewe.

Julai 2020 nilimkatia mama yangu bima. Mama anaishi Kibosho, na alikuwa na presha miaka mingi. Wakala alinikuta stendi kuu nasubiri gari, kijana mwenye fulana ya kampuni, mpole, ana maneno mazuri. Nililipa shilingi 120,000 za mwaka mzima. Aliniuliza jina la mama, umri, na namba ya kitambulisho, akajaza fomu yeye mwenyewe juu ya paja lake huku konda anapiga kelele. Nikasaini. Kadi ikaja baada ya wiki moja, na kijitabu cha kurasa 14 cha Kiingereza.

Septemba mama alianguka bandani akikamua. Kiharusi. Tulimkuta ameshikilia nguzo, ndoo imemwagika, mkono wa kulia umekufa, anataka kusema na maneno hayaji. Tukamteremsha mjini na gari la jirani. Nilitoa ile kadi kwa kujiamini, mimi ambaye nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kioo miaka tisa. Karani akapiga simu, akasikiliza, akanigeuzia kijitabu mpaka ukurasa wa tisa, akaweka kidole kwenye mstari: magonjwa aliyokuwa nayo mwanachama kabla ya kujiunga hayagharimiwi kwa miezi 12 ya kwanza. Mama alikuwa na miezi miwili.

Nilipoomba kuiona ile fomu, ndipo nikaona kilichonichoma zaidi. Kwenye swali la kama mwanachama ana ugonjwa wowote wa kudumu, kulikuwa na tiki kwenye "Hapana", kwa wino wa kalamu ya yule kijana. Hakuwahi kuniuliza. Na chini yake kuna saini yangu.

Bili ilifika shilingi 1,460,000. Ng'ombe wa mama tulimuuza 850,000, wadogo zangu wakachangia zilizobaki. Asubuhi ng'ombe anachukuliwa nilimshika kamba kumwongoza kutoka bandani, kwa sababu alikuwa hajazoea kutembea mbali. Mama yuko hai, namshukuru Mungu. Anatembea kwa mkongojo, maneno yamerudi karibu yote, na mpaka leo akiona jirani anapita na majani anauliza kama ng'ombe wetu amekula.

Kwa hiyo nakuomba, jaza fomu kwa mkono wako. Kama macho hayaoni vizuri, mpe mwanao akusomee swali kwa swali. Kila ugonjwa uliopo uuandike, hata kama wakala anasema "hicho acha tu, kitachelewesha kadi". Wanaposema kitachelewesha wanamaanisha kampuni inaweza kuongeza mchango au kuweka muda wa kungojea. Vyote viwili ni bora kuliko kugundua kitandani. Halafu uliza siku kwa kutenganisha: ugonjwa wa kawaida naanza kutibiwa lini, uzazi lini, upasuaji lini, presha na kisukari lini. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani.

Muda wa kungojea wenyewe siupingi. Tukinunua bima siku tunayougua, mfuko hauwezi kudumu. Machi 2023 NHIF ilibadilisha utaratibu wa Toto Afya Kadi, iliyokuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ikataka watoto waandikishwe kupitia shule, kwa maelezo kwamba waliokuwa wanaandikishwa wengi ni wale walioshaugua. Wazazi wengi tuliumia, lakini hesabu yake naielewa. Ninachopinga ni kuficha muda huo kwenye ukurasa wa tisa.

Hata Marekani, nchi yenye fedha, wamevutana juu ya bima za namna hii. Kanuni ya mwaka 2018 iliruhusu bima za muda mfupi, zile za bei ndogo zinazoweza kumkataa mwenye ugonjwa wa zamani, ziuzwe kwa mkataba wa mpaka siku 364. Kanuni ya 2024 ikazirudisha chini, zisizidi miezi minne pamoja na nyongeza. Jimbo la California lilikuwa limeshazipiga marufuku zamani. Kwa mnunuzi, maana yake ni kuuliza: mkataba huu ukiisha, na katikati nimeugua, mtanikubali tena kwa bei ileile?

Nenda dirishani

Ukishapata majibu ya wakala, usilipe. Panda daladala uende hospitali unayokusudia kuitumia, siku ya kawaida, mida ya saa nne asubuhi foleni ya mwanzo ikishapungua. Tafuta dirisha la bima. Msalimie karani vizuri, maana tangu asubuhi watu wanamfokea. Muulize: "Dada, kadi ya kampuni hii mnaipokea? Mwezi huu mmeipokea? Ni huduma gani huwa mnawaambia wenye kadi hii walipie wenyewe?"

Hilo la tatu lina thamani kuliko kijitabu chote. Karani anajua. Mimi nilikuwa najua kwa kichwa kadi ipi hailipi kipimo cha CT, ipi inakataa dawa fulani ya vidonda vya tumbo, ipi huchelewa kujibu simu mpaka mgonjwa anakata tamaa. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuniuliza kabla hajalipa. Wote walikuja baadaye.

Uliza kuhusu mwezi huu, si mwaka jana, kwa sababu orodha ya hospitali hubadilika. Tarehe 1 Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi nchini, zikiwemo kubwa, zilisitisha kuwapokea wanachama wa NHIF kwa kutokubaliana na bei za kitita kipya cha mafao. Watu wenye kadi halali, zilizolipiwa, walifika wakaambiwa watoe fedha taslimu. Kama hospitali pekee iliyo karibu nawe kwenye orodha ni moja, hiyo ni hatari. Tafuta kadi yenye angalau mbili unazoweza kufika kwa daladala moja.

Ukiridhika, lipa kwa namba ya malipo ya kampuni au ya mfuko wenyewe, usimpe wakala fedha mkononi wala kumtumia kwa namba yake ya simu. Hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Anayesita kukuonyesha leseni, mwache.

Kuhusu zile bima za kwenye simu, zinazokata kidogo kidogo kwenye salio na kulipa kiasi fulani kwa kila usiku unaolazwa: sizikatai. Zinasaidia nauli, chakula cha anayemuuguza mgonjwa, na siku ambazo meza yako ya biashara imefungwa. Ila hizo hazikutibu. Hazimlipi daktari. Uliza zinaanza kulipa usiku wa ngapi, na utunze karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, bila hiyo hawalipi.

Ziba panapobaki wazi

Hapa ndipo muuza viatu na mzee wetu muuguzi walipokutana, na mimi naona ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

Tulikubaliana kwamba anayekata kadi ndogo haachi kuchangia. Kila mmoja wetu anatoa shilingi 2,000 kwa wiki kwenye fungu tuliloliita "juu ya kadi", mbali na hisa na mbali na mfuko wa misiba. Watu 22, wiki 52, ni shilingi 2,288,000 kwa mwaka. Fungu hili halilipi homa wala UTI, hizo ni za kadi. Linalipa pale kadi inapoishia: rufaa ya kanda, kipimo kilichokataliwa, dawa isiyopatikana. Kila kaya ina kikomo cha shilingi 400,000 kwa mwaka. Nusu ni msaada, nusu ni mkopo usio na riba wa miezi kumi. Anayeomba analeta karatasi ya rufaa au maandishi ya hospitali. Mweka hazina na watu wawili wanaamua siku hiyohiyo kwa simu, hatungoji Jumapili, maana ugonjwa haungoji Jumapili.

Mwaka wa kwanza walichukua watu watano. Fungu halikuisha. Sisemi litatosha siku mtu akipata kansa. Halitatosha, na kwa hilo ndiyo maana naendelea kudai bima ya wote iwe bima kweli. Lakini kwa mfupa uliovunjika, kwa mtoto aliyehamishiwa KCMC usiku, limetosha kumwingiza mtu wodini bila kuuza kitu chake.

Kama huna kikundi, fanya na ndugu zako wa tumbo moja. Fungueni akaunti inayohitaji saini mbili. Msiweke kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu shida ya karo itamfika siku moja na fedha ziko hapo.

Kadi ikikataliwa

Usiondoke, na usigombane na karani. Omba sababu kwa maandishi, hata mistari miwili kwenye karatasi yenye muhuri. Mara nyingi kadi inagoma kwa jambo dogo: jina kwenye kadi halifanani na la NIDA, mchango haujasomeka, picha ya mtoto ya zamani. Piga namba ya huduma ya kampuni ukiwa palepale dirishani na umpe karani simu waongee.

Ikiwa mmekataliwa kabisa na mgonjwa yuko mahututi, kwenye hospitali ya umma ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Wengi hawajui kwamba iko pale. Afisa ustawi ndiye anayepima kama familia inastahili msamaha au kulipa kidogo kidogo. Nenda mapema, na barua ya mtendaji wa mtaa ikiwepo inasaidia.

Tunza kila risiti uliyolipa kwa fedha yako. Andika malalamiko kwanza kwa kampuni yenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au wakikujibu hovyo, peleka TIRA, na kuna pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama sisi. Huhitaji wakili. Unahitaji tarehe, majina na karatasi. Mimi kwa bima ya mama sikufanya hivyo kwa sababu niliona saini yangu nikanyamaza. Leo nisingenyamaza. Ningeandika kwamba swali la ugonjwa halikuulizwa na kwamba mwandiko kwenye ile tiki si wangu.

Kabla hujafika huko kote, toa nakala ya kila kadi ya nyumbani, mbele na nyuma, pamoja na ukurasa unaosema visivyolipiwa. Nakala moja iwe kwenye kabati, nyingine kwa ndugu anayekaa mjini, kwa sababu anayeugua usiku hawezi kukumbuka kadi iko wapi. Sisi tunazileta kikundini Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunauliza, na kila kadi tunaandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa nakala jina la hospitali ya mwisho, shilingi ya mwisho, jina la mtu wa mwisho, na tarehe.

Ukiwa Memorial, meza yangu iko upande wa mashuka. Njoo na karatasi aliyokupa wakala kabla hujalipa, tutaisoma pamoja.